Bibi Raivo Anasikia Baridi

Simu ya Vololona ilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa mtandao wa Ankadivory. Ulikuja kijijini pale kama mgeni mwenye haraka: anachungulia mlangoni, anaulizia hali za watu, kabla hujamvutia kiti ameshaondoka. Na Vololona aliishi kwa mtandao. Aliuza skafu na mitandio ya hariri ya porini, ile inayosokotwa kwa mkono na kufumwa na mama mkwe wake pamoja na majirani wawili. Kila Jumatano na Jumamosi alasiri aliingia laivu, akaitandaza kitambaa kwa kitambaa mbele ya simu, na wateja wakaandika "yangu hiyo". Wengi walikuwa wanawake wa maofisini kule Antananarivo, na Wamalagasi waliohamia Ufaransa wakazeekea huko.

Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Siku moja aliishika skafu ya rangi ya asali, akaivuta karibu na kamera watu waone uzi, akasema, "Tazameni wenyewe jamani, hii si bandia." Mtandao ukameza neno moja. Kwa wateja ilifika "hii bandia", kisha picha ikaganda, Vololona jicho moja limefumba na mdomo uko wazi kama anayetafuta chafya. Alikaa hivyo hewani muda mrefu bila mwenyewe kujua, akiendelea kusifia bidhaa zake chumbani. Mtandao uliporudi alikuta maoni yamejaa. Mmoja ameandika, "Angalau huyu ni mkweli." Waliokuwa wameagiza wakaghairi.

Mumewe Solofo, fundi seremala asiyependa maneno mengi, alimsaidia kadiri alivyoweza. Alifunga simu kwenye mwanzi akapanda nayo juu ya paa. Waliijaribu ndani ya sufuria, kwa kuwa mtu fulani sokoni aliapa kwamba sufuria huvuta mawimbi. Wakanunua laini ya pili ya kampuni nyingine, ikawa sasa wana laini mbili zisizoshika. Mwishowe waligundua kwamba juu ya ukuta wa banda la nguruwe, ukisimama kwa mguu mmoja, kijiti kimoja cha mtandao kinapatikana. Vololona akauza wiki mbili kutoka pale.

"Huyo anayekoroma hapo nyuma ni mumeo?" mteja mmoja aliuliza.

"Hapana dada. Mume wangu ndiye ameshika simu."

Alipiga simu huduma kwa wateja. Binti mwenye sauti nzuri alimwambia kwamba mfumo unaonyesha eneo lake lina mtandao wa kuridhisha sana.

"Lakini mimi ndiye niliye hapa, mwanangu. Mfumo hauko hapa."

"Nakuelewa mama. Hata hivyo mfumo unaonyesha uko vizuri. Kwa maelezo zaidi tembelea tovuti yetu." Na laini ikakatika.

Ukuta wa banda haukujengwa kwa ajili ya wafanyabiashara. Jumamosi iliyofuata ulibomoka, Vololona akaanguka upande wa nje na nguruwe jike akatoka upande huohuo. Alimkimbiza kuvuka mifereji ya mpunga, wakapanda kilima, yeye na nguruwe, hadi juu kabisa lilipo kaburi la ukoo, nyumba fupi ya mawe yenye mlango wa chuma unaotazama magharibi. Hapo ndipo simu ilipoanza kulia mfukoni mwa aproni. Ililia mfululizo, ujumbe wa wiki nzima ukimwagika kwa mkupuo. Aliitazama. Vijiti vilikuwa vinne. Ng'ambo ya bonde, begani mwa mlima mtupu, mnara wa simu ulikuwa umesimama peke yake, na kati ya mnara na kaburi hapakuwa na mti wala mwamba.

Jioni alimsimulia mumewe, huku wakinywa maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali.

"Wazee walijua kuchagua kiwanja," Solofo akasema.

"Usifanye mzaha. Mtu haendi kaburini kuuza vitambaa."

"Wala haendi na nguruwe. Na umeshakwenda naye."

Alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Halafu alichukua chupa ndogo ya ramu na asali kidogo, akapanda asubuhi, akamimina kwenye kona ya kaskazini mashariki kama inavyotakiwa. Baba yake alikuwa amelala humo, na bibi yake Raivo, na wengine aliowajua kwa majina tu. "Ni mimi, Vololona," akasema. "Sikuja kuwasumbua. Nimekuja kazini. Kama hamkupenda, kateni mtandao."

Hawakuukata. Alasiri ile aliuza laivu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuganda hata mara moja, ameligeuzia kaburi mgongo, wateja wakiona anga na bonde tu. Walisifu mandhari. Aliyatunza masharti yote ya ukoo: hakupanda Jumanne, na hakunyoosha kidole kulielekea kaburi. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kung'oa magugu. Na kwa kuwa hakupenda kusema uongo, kila alipomaliza kuuza aling'oa magugu kweli. Kabla ya mvua kupungua, lile kaburi lilikuwa safi kuliko yote ya bonde zima. Watu wakaanza kumwamkia kwa heshima njiani.

Sasa, chini ya kilima, pembeni ya mfereji, Mama Lanto alikuwa na kawaida ya kuchuma mboga za majini. Siku moja ya mwezi wa tatu aliinua kichwa akasikia sauti ya mwanamke juu kaburini. Akaacha kikapu, akasogea.

Miongoni mwa wateja wa Vololona kulikuwa na nesi mstaafu anayeishi Lyon, mama wa watu, mpweke, mwenye maneno mengi, na jina lake lilikuwa Raivo. Alipenda kupiga simu baada ya laivu kuisha. Siku hiyo alilalamika kwamba huko bado kuna theluji na mashine ya kupashia nyumba moto imekufa. Vololona akamjibu kwa sauti kubwa, maana ndivyo watu wanavyozungumza na walio mbali: "Bibi Raivo, sasa nakusikia vizuri. Pole sana, najua huko kuna baridi. Ile nyekundu nitakuletea, wala usiwe na wasiwasi. Mimi sikusahau."

Mama Lanto alikimbia bila hata kurudi kuchukua kikapu chake.

Baada ya siku mbili, Ratsimba, baba mkubwa wa Vololona na mkuu wa ukoo, aliingia nyumbani kwake akiwa amevaa kofia nzuri ya majani na shuka la begani, na nyuma yake walikuwapo wazee wawili na Mama Lanto. Solofo alitandika mikeka na kukaa karibu na mlango.

"Mwanangu," Ratsimba alianza, "tunaona unavyomtunza bibi yako pale juu."

"Nang'oa magugu tu, baba mkubwa."

"Magugu, sawa. Lakini Mama Lanto amekusikia."

"Amesikia nini?"

"Ulisema, 'Bibi Raivo, sasa nakusikia vizuri.' Hukusema?"

"Nilisema, lakini..."

"Ukasema, 'Pole, najua huko kuna baridi.'"

"Ndiyo, nilisema, ila huyo..."

"Ukamwahidi nyekundu," akadakia Mama Lanto. "Kwa masikio yangu haya. Nywele zilinisimama."

Kwao, nyekundu ni jina la sanda, hata ikiwa ya kahawia. Na mfu hasemi kwamba anasikia baridi ila kwa sababu moja: nguo zake zimechakaa, anataka atolewe kaburini, afungwe sanda mpya, aonwe na wanawe. Ratsimba alikuwa amevua kofia. Aliikumbatia kifuani, na Vololona, aliyemjua tangu utoto kama mtu mkavu, hakujua atazame wapi.

Neno la kweli lilikuwa hapohapo kwenye ulimi. Alikuwa mteja. Lakini alilifuata neno hilo hadi mwisho wake kichwani. Mteja gani? Wa skafu. Ulikuwa unamuuzia wapi? Kaburini. Tangu lini? Basi akachagua njia ya kati, ambayo aliiona ya busara.

"Baba mkubwa, usinielewe vibaya. Mimi si mtu wa kuongea na wafu. Sina kipaji hicho."

Ratsimba aliwageukia wazee. "Mnaona? Wala hajivuni."

Pale mlangoni Solofo alipatwa na kikohozi kikali akatoka nje.

Ukoo ule ulikuwa haujawatoa wazee wake kwa miaka mingi. Sababu ilikuwa ugomvi wa Ratsimba na mdogo wake Justin, anayeishi mji mkuu, kuhusu mpaka wa shamba la mpunga waliloachiwa na mama yao. Hakuna aliyetaka kumwita mwenzake kwanza. Sasa mama mwenyewe ameita, nani atakataa? Ratsimba akampigia Justin simu siku ileile. Kwa kuwa kijijini mtandao haukushika, alipanda kaburini kumpigia, akashuka akisema hata hilo ni ishara, maana alimsikia Justin kama amekaa naye.

Mnajimu alichagua siku, mwezi wa saba, wakati wa kiangazi chenye baridi. Kikao kikafanyika, watu wakagawana gharama za ng'ombe, mchele na wapiga tarumbeta. Halafu mtu akauliza, "Na hariri?"

Wote walimtazama Vololona.

Hariri yake yote ya msimu ilikwenda, kwa bei ya ndugu, bei ambayo mtu humlipa mwenzake kwa kumshika bega. Wanawake walifuma sanda badala ya skafu. Kitambaa kimoja tu chekundu kweli kilikuwa kimekamilika, kile cha Lyon, na Ratsimba alipokiona hakuomba, alikikunja tu kwapani na kusema kwamba hiki mama angekipenda.

Vololona alimpigia Bibi Raivo wa Lyon. "Nisamehe bibi. Ile nyekundu imechukuliwa."

"Na nani? Si ulinishikia?"

"Na mama mmoja mwenye baridi kuliko wewe."

"Yuko wapi huyo? Norwe?"

"Hapana, yuko hukuhuku kwetu. Na ni wa jina lako."

Yule mama akasema basi kama ni wa jina lake, ampelekee kwa moyo mmoja, yeye atasubiri nyingine. Vololona alikaa na simu mkononi, akatamani angepata mtu wa kumgombeza.

Siku ilipofika, magari yalijaa hadi kwenye matuta ya mpunga. Tarumbeta zilianza mapema. Watu walikula wali na nyama ya mafuta kwenye mikeka mirefu, wakanywa, wakapanda kilima wakicheza. Na kule juu, ndugu wa mjini wakagundua vile vijiti vinne. Simu zilitoka mifukoni zote kwa pamoja. Huyu anarekodi, yule yuko laivu na dada yake wa Marseille, mwingine anampigia bosi wake kumwambia bado anaumwa. Haikuchukua muda mnara ukazidiwa, kila skrini ikaanza kuzunguka.

"Leo hata wazee wenyewe hawapati laini," Solofo alimnong'oneza mkewe. Vololona akamfinya.

Mlango wa chuma ulifunguliwa, wakatolewa mmoja mmoja, majina yakiitwa. Ratsimba na Justin waliushika mzigo wa mama yao, huyu upande wa kichwa, yule upande wa miguu, wakauweka magotini mwao wakiwa wamekaa ubavu kwa ubavu. Wakati wa kuzungushia kile kitambaa chekundu, Justin alikosea kukunja, na Ratsimba akaushika mkono wake polepole na kumwonyesha, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Justin akalia. Ratsimba naye, mtu mkavu yule, akageuza uso.

Vololona alipewa baba yake. Hakuwa ametegemea kwamba angekuwa mwepesi vile. Kikapu anachobebea hariri kila Jumatano kilikuwa kizito zaidi. Kwa miezi alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwake, amempa mgongo, akiuza. Alimfunga sanda mpya kwa uangalifu wote alioujua, na katika kufunga akajikuta anamweleza chinichini, kwamba biashara si mbaya, kwamba Solofo ni mtu mwema, kwamba mtandao unasumbua. Mama Lanto, aliyekuwa karibu, alimgusa shangazi mmoja kwa kiwiko: sikiliza, anaongea nao tena.

Jioni, wafu wote walipokwisha kurudishwa na mlango kuzibwa kwa udongo, Ratsimba alisimama juu ya jiwe. Alishukuru kila mtu. Halafu akasema: "Mama sasa ana joto. Na mwenye joto huachwa alale. Hakuna atakayepanda kilima hiki mpaka tutakapowatoa tena. Wala wewe Vololona, mwanangu. Umefanya kazi ya ukoo mzima. Sasa pumzika."

Watu walipiga makofi. Ndugu walimkumbatia. Vololona alitazama ng'ambo ya bonde, kule kwenye mnara.

Asubuhi ya pili alikwenda kwa baba yake mkubwa. Alimkuta uani anapembua maharage, amechoka na ana furaha.

"Baba mkubwa, nimekuja kusema kweli."

"Sema."

Akasema yote: laivu, vijiti, nguruwe, mama wa Lyon. Nguruwe alimtaja haraka. Ratsimba aliendelea kupembua. Alipomaliza, mzee aliuliza, "Huyo mama anaitwa Raivo kweli?"

"Anaitwa Raivo."

"Na alisema anasikia baridi?"

"Mashine yake ilikufa."

"Na akataka nyekundu."

"Skafu, baba mkubwa. Ya shingoni."

Ratsimba alitupa jiwe dogo lililojificha kwenye maharage. "Miaka yote hii mama angenijia mwenyewe ndotoni, nisingemsikiliza. Ningesema nimeshiba vibaya. Kwa hiyo ametumia mtu wa jina lake, huko Ulaya, na wewe, na simu. Alikuwa mjanja sana mama, hukumjua vizuri."

"Lakini haikuwa hivyo."

"Vololona." Sasa alimtazama. "Ng'ombe wameshaliwa. Justin amelala hapa kwangu siku mbili, na jana tumeutembelea mpaka wa shamba pamoja, tumecheka. Unataka niende kwa watu wote hawa niwaambie ilikuwa skafu?"

Vololona aliokota haragwe lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo.

"Basi. Mteja wako umsalimie."

"Na kupanda kilimani? Niruhusu mimi peke yangu. Sitatoa sauti."

"Mama amelala," Ratsimba akasema, akarudi kwenye maharage.

Vololona alirudi kwenye ukuta wa banda la nguruwe, ambao Solofo alikuwa ameujenga upya na kuupa ngazi. Aliuza alichoweza. Alirekodi video fupi chumbani na kuzituma kijiti kilipojitokeza. Mara nyingine zilifika kabla ya wateja kulala, mara nyingine kesho yake, na baadhi hazijafika hadi leo. Hariri mpya ilifumwa polepole. Hakuwa na furaha wala hakuwa na wa kumlaumu, na hilo lilimchosha zaidi.

Mwishoni mwa mwezi wa nane alikuja mgeni, bwana wa makamo kutoka ng'ambo ya bonde, amebeba kuku mweupe. Alikaa kwa adabu, akazungumzia mavuno, kisha akafika kwenye lililomleta. Habari za Vololona zimewafikia. Wazee wa ukoo wake wako kimya muda mrefu. Hawaji ndotoni, hawaombi kitu. Watu wameanza kuogopa. Je, angekubali kuja kukaa nao kidogo, mara moja moja, awasikilize?

"Bwana, umepewa habari mbaya," Vololona akasema. Safari hii alikuwa ameapa hatatafuta njia ya kati. "Mimi sisikii wafu. Sijawahi. Nilikuwa kaburini nauza vitambaa kwa simu, kwa sababu mtandao unashika kule. Nikimaliza nang'oa magugu. Hayo tu."

Mgeni aliitikia kwa kichwa taratibu, macho chini. "Kila mmoja ana njia yake," akasema. "Mwenzio wa kijiji cha pili kutoka kwetu, yeye hutumia kioo."

"Sikiliza, nasema sisikii chochote."

"Tumekuelewa, mama. Hatutauliza zaidi. Wewe njoo ufanye kama unavyofanya. Vitambaa, simu, magugu. Hakuna atakayekusumbua, nitawaambia watoto wasipite njia ile."

Vololona alimtazama mumewe. Solofo alikuwa anamtazama kuku.

Kisha Vololona akauliza, kwa sauti ambayo hakuipenda, "Kaburi lenu liko upande gani wa kilima?"

"Mashariki, lakini liko wazi. Linatazamana na ule mlima wenye mnara."

"Na siku zenu za mwiko?"

"Alhamisi tu."

Jumatano ile alivuka bonde na kikapu chake. Alimimina ramu na asali kwenye kona yao, akawaambia jina lake na kilichomleta, neno kwa neno, ili angalau wao wasije wakasema walidanganywa. Vijiti vilikuwa vitatu. Alitandaza skafu ya kwanza, akageuza simu upande wa bonde, akaingia hewani. Chini kabisa, kando ya njia, watu wachache walikuwa wamesimama na kofia mikononi, wakijitahidi kuonekana kana kwamba wanapita tu.